AHADI YA UMEME JADIDIFU: TUSOME MKATABA KABLA YA KUPIGA MAKOFI

*Kutoka kwa Katibu wa Tawi, kwenda kwa wanachama wote*



Ujumbe huu ni mrefu. Kama uko kazini au sokoni, uhifadhi uusome jioni. Haya ni maoni yangu mimi Katibu. Si msimamo wa chama, na Mwenyekiti ameniruhusu niyatume kabla ya kikao cha Jumamosi ili tusije tukaanza kubishana tukiwa tumesimama.

Mnakumbuka kikao cha Jumapili. Kata imetuomba maoni ya tawi kwa ajili ya ilani ya halmashauri. Vijana wetu walileta pendekezo kwamba halmashauri iahidi kununua umeme jadidifu kwa asilimia 100 ifikapo 2030: maofisini, kwenye zahanati, shuleni, sokoni, stendi na taa za barabarani. Pendekezo lilisomwa, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mimi nikaandika kwenye muhtasari: "Limepita bila kupingwa."

Tangu siku ile sina raha. Nakiri kwamba nilitakiwa kunyoosha mkono na sikunyoosha. Nawapongeza waliolileta, na nia yao naiunga mkono. Ninachotaka kusema ni kimoja: kuahidi kununua umeme ni kuahidi kusaini mkataba. Mkataba una kiasi, bei, muda, na mtu atakayebeba hasara mambo yakienda kombo. Pendekezo letu lina mwaka na asilimia tu. Hivyo vingine vinne havimo.

Nitawapa kisa cha mji mmoja ulioahidi kama tunavyotaka kuahidi sisi. Nimekichagua kwa sababu viongozi wake hawakuwa wezi wala wajinga. Visa vya wezi tunavyo vya kutosha na havitufundishi jipya.

*1. Mji wa Georgetown, Texas*

Georgetown ni mji mdogo kaskazini mwa Austin, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Mwaka 2015 ulikuwa na watu zaidi ya 50,000. Mji huu una shirika lake wenyewe la umeme. Halmashauri ndiyo inayonunua umeme kwa jumla na kuwauzia wakazi kwa rejareja, na mkazi hana muuzaji mwingine wa kumkimbilia. Kwa hiyo halmashauri ikinunua vizuri mkazi anapona, na ikinunua vibaya mkazi analipa.

Mkataba wao wa zamani wa kununua umeme ulikwisha mwaka 2012, ikabidi watafute mwingine. Machi 2015 wakatangaza kwamba mji mzima utakwenda kwenye umeme jadidifu kwa asilimia 100. Walisaini mkataba wa upepo wa megawati 144 kutoka Spinning Spur 3, karibu na Amarillo, unaokwenda hadi 2035. Wakasaini na wa jua wa megawati 150 kutoka magharibi ya Texas, wa miaka 25. Wazo lenyewe lilikuwa zuri: upepo wa kule huvuma zaidi usiku, jua huwaka mchana, basi kimoja kinajaza pengo la kingine.

Meya wao alikuwa Dale Ross, wa chama cha Republican, chama ambacho huko kinajulikana zaidi kwa kutetea mafuta na gesi. Kwa taaluma ni mhasibu wa leseni. Hapo ndipo kisa hiki kiliponigusa, maana mimi mwenye stashahada ya uhasibu nilisoma habari zake kama ninayesoma habari za kaka yangu. Hakuja na hotuba za kuokoa dunia. Alisema ametazama hesabu na hesabu zimemwambia hivyo. Bei ya upepo na jua unaifunga kwa miaka 20 au 25, na hakuna mafuta ya kununua kila mwezi, kwa hiyo hakuna wa kukupandishia bei. Mwaka 2017 akaonekana kwenye filamu ya Al Gore kuhusu tabianchi. Waandishi wa habari wakamiminika mjini. Mwaka 2018 taasisi ya Bloomberg ikautunuku mji huo dola milioni 1 kwa mradi wa paneli na betri kwenye mapaa ya watu.

Mwaka huo huo wa 2018, vitabu vya shirika lao la umeme vilionyesha kwamba gharama za umeme zimezidi bajeti kwa takriban dola milioni 6.8. Mwanzoni mwa 2019 bili ya nyumba ya kawaida ikapanda kwa karibu dola 13 kwa mwezi. Mwaka huo huo mji ukafungua kesi mahakamani ukitaka kutoka kwenye mkataba wa jua. Baraza pia likapiga kura kuachana na ule mradi wa mapaa, na zile dola milioni 1 zikaenda nao.

Je, jua liligoma kuwaka? Upepo ulikauka? Hapana. Mitambo ilizalisha umeme kama ilivyotakiwa. Kosa lilikuwa kwenye kiasi.

Walijua mji unakua, na kweli unakua kwa kasi. Basi wakanunua umeme mwingi kuliko waliouhitaji siku ile, wakiamini ziada watauza kwenye soko la jimbo mpaka mji ukue na kuumaliza. Na mikataba ilisema wachukue na kulipia umeme wote utakaozalishwa, kwa bei ile ile, wawe wanauhitaji au hawauhitaji. Wakati huo Texas ilikuwa imefurika gesi ya kuchimbwa kwenye miamba. Katikati ya 2008 bei ya gesi Marekani ilipita dola 12 kwa kipimo chao cha soko. Mwaka 2016 wastani wake ulikuwa chini ya dola 3 kwa kipimo kile kile. Gesi ikishuka, bei ya umeme sokoni nayo inashuka. Kwa hiyo Georgetown ilinunua kwa bei iliyofungwa na kuuza ziada kwa bei iliyoporomoka. Kadiri mitambo ilivyozalisha vizuri ndivyo hasara ilivyokua.

Ndugu zangu, rudieni sentensi hiyo ya mwisho.

*2. Hesabu kwa shilingi zetu*

Nichukue mfano wa kubuni, si takwimu za halmashauri yetu.

Tuseme majengo na taa zote za halmashauri hutumia uniti 40,000 kwa mwezi. Tunasaini mkataba wa miaka 20 wa kuchukua uniti 80,000 kwa mwezi kwa Sh 250 kila uniti, kwa matumaini kwamba soko jipya na stendi mpya vitakuja kumaliza ile ziada. Uniti 40,000 za ziada tutauza. Siku ya kusaini, bei ya kuuzia nayo ni Sh 250. Kwenye karatasi hakuna hasara, na kila mtu anatabasamu kwenye picha.

Mwaka wa tatu bei ya kuuzia inashuka hadi Sh 100. Kila uniti ya ziada inatupotezea Sh 150. Zidisha kwa 40,000, ni Sh milioni 6 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh milioni 72.

Mwaka 2021, katika ule mpango wa fedha za UVIKO, darasa moja lilitengewa Sh milioni 20. Sh milioni 72 ni madarasa matatu na chenji inabaki. Kila mwaka, kwa miaka 17 iliyosalia kwenye mkataba. Nayo hailipwi na mfadhili wala hazina. Inatoka kwenye mapato ya ndani, yaani ushuru anaolipa mama anayeuza nyanya pale sokoni.

Naomba mtu asije kusema Katibu anachukia jua. Weka hapo mtambo wa dizeli au wa gesi, hesabu inabaki ile ile.

*3. Hili si geni kwetu*

Wenye umri wangu wanakumbuka IPTL. Mwaka 1995 nchi ilisaini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme kutoka mtambo wa mafuta mazito wa megawati 100 pale Tegeta. Ndani yake kulikuwa na tozo ya uwezo wa mitambo. Maana yake TANESCO ilitakiwa kulipa kwa sababu mtambo upo na uko tayari, hata siku ambazo haukuwashwa. Umeme wenyewe ulianza kutoka mwaka 2002. Katikati hapo kulikuwa na mashauri kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2014 Bunge lilikesha likijadili akaunti ya Tegeta Escrow, miaka karibu 20 baada ya kalamu kugusa karatasi.

Siweki Georgetown na Tegeta kwenye kapu moja. Georgetown ilifanya mambo yake hadharani, na ikapata hasara hadharani. Lakini mhasibu akiisoma mikataba yote miwili anaona mstari mmoja unaofanana: mnunuzi analipa, atumie asitumie. Tegeta ilikuwa mafuta mazito yenye moshi. Georgetown ilikuwa upepo safi. Mstari ule haujali umeme ni msafi au mchafu.

*4. Jiji la Chicago lilifanyaje*

Nisiwaache na kisa cha hasara peke yake, maana wapo waliofanya vizuri zaidi.

Aprili 2017 Jiji la Chicago liliahidi kwamba majengo yake yote yatatumia umeme jadidifu ifikapo 2025. Mkataba haukusainiwa wiki iliyofuata. Ulisainiwa Agosti 2022, miaka mitano baadaye, chini ya meya mwingine. Kuanzia Januari 2025 majengo 411 ya jiji yakahesabiwa kuwa yanatumia umeme jadidifu. Humo mna viwanja viwili vya ndege, vituo 98 vya zimamoto na mitambo ya kusafisha maji. Sehemu kubwa inatoka kwenye shamba la jua la megawati 593 linaloitwa Double Black Diamond, katikati ya jimbo la Illinois. Kiasi kinachobaki kinafidiwa kwa kununua vyeti.

Angalieni tofauti tatu.

Kwanza, Chicago ilinunua kwa matumizi yake yenyewe. Uwanja wa ndege na mtambo wa maji vina mita, na bili za miaka mingi zipo kwenye majalada. Unajua unatumia kiasi gani kabla ya kuingia sokoni. Georgetown ilinunua kwa ajili ya mji mzima, pamoja na watu waliokuwa bado hawajahamia.

Pili, Chicago ilijipa muda. Miaka minane kutoka ahadi hadi utekelezaji. Wapo waliowacheka kwamba wanachelewa. Mimi naona walikuwa wanasoma.

Tatu, walisema wazi kipi ni umeme na kipi ni cheti. Hapa niweke maelezo kidogo kwa sababu vijana waliniuliza. Umeme ukishaingia kwenye gridi hauna rangi. Wa jua na wa gesi vinachanganyika kama maji ya visima viwili kwenye tenki moja. Huwezi kusema glasi hii ni ya kisima kile. Kwa hiyo wenzetu hutoa cheti kwa kila megawati-saa iliyozalishwa kwa chanzo jadidifu, na mwenye kununua cheti ndiye anayehesabiwa kuutumia. Ni kumbukumbu ya kihasibu. Ni halali, ila ni karatasi. Ukinunua karatasi, sema umenunua karatasi. Hata asilimia 100 ya Georgetown ilikuwa hesabu ya mwaka mzima: jumla ya umeme walionunua ililingana au kuzidi jumla waliyotumia. Saa ambayo upepo umelala na jua limezama, taa zao ziliwashwa na gridi ile ile yenye gesi.

*5. Je, sisi tutahesabu nini?*

Swali hili hatukuuliza Jumapili. Halmashauri yetu inanunua umeme kutoka TANESCO, kwa LUKU au kwa bili. Gridi ya taifa leo ina Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Ukiongeza Kidatu, Kihansi, Mtera na mengine, maji ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote katika uwezo wa mitambo ya gridi yetu. Gesi ya Songosongo na Mtwara inafuata.

Maji ni nishati jadidifu. Basi tukisema "asilimia 100 ifikapo 2030", tunahesabu maji ya Rufiji au hatuyahesabu?

Tukiyahesabu, sehemu kubwa ya ahadi imeshatimizwa bila diwani yeyote kuinua kalamu. Tutakuwa tunajisifia kazi ya wengine.

Tusipoyahesabu, na tukasema tunataka jua letu wenyewe kwa kila jengo na kila taa usiku na mchana, tunazungumzia betri nyingi na fedha nyingi. Lazima tuseme zitatoka wapi.

Njia zote mbili zinaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kwenda kwa wapiga kura na sentensi ambayo sisi wenyewe hatujui inamaanisha nini. Mpinzani mwenye akili atatuuliza swali hili hili kwenye mkutano wa hadhara, na mgombea wetu atatutazama sisi.

*6. Jambo langu binafsi*

Hili sijawahi kuwaambia.

Kabla ya kuhamia hapa nilifanya kazi kama karani wa hesabu katika ofisi moja ya umma, mkoa mwingine. Sitaitaja. Ilikuja kazi ya kufunga taa za jua barabarani. Nguzo zikasimikwa, taa zikawaka, mgeni rasmi akaja, ngoma zikapigwa. Mimi ndiye niliyeandaa hati ya malipo. Niliipitia kipengele kwa kipengele: nguzo, paneli, taa, betri, usafirishaji, ufungaji. Kila kitu kilikuwa na risiti yake. Hakikuwepo kipengele cha kubadilisha betri, wala cha fundi wa kuzitazama. Nililiona hilo. Nilijiambia si kazi ya karani kuuliza, kazi ya karani ni kuhakikisha jumla imekaa sawa. Jumla ilikaa sawa. Nikapeleka kwa sahihi.

Baada ya miaka miwili hivi betri zikaanza kufa. Taa zikawa zinawaka saa moja jioni na kuzima saa mbili. Kisha zikazima kabisa. Watu wakafungua masanduku wakachukua kilichobaki. Mama mmoja aliyekuwa anauza chipsi chini ya nguzo mojawapo alirudi kwenye kibatari. Nilikuwa napita pale kila jioni nikitoka kazini. Nguzo zimesimama vizuri, zimenyooka, na giza chini yake. Alikuwa akinisalimia, "Shikamoo mhasibu," nami naitikia marahaba, roho ikinisuta.

Ndiyo maana Jumapili ile, baada ya kuandika "limepita bila kupingwa", nilirudi nyumbani nikajiona karani yule yule.

*7. Ninachopendekeza*

Pendekezo letu tusilifute. Tulirekebishe. Jumamosi nitaomba kikao kifungue upya kipengele hicho, na nitaleta maneno haya yajadiliwe:

"Halmashauri itaongeza mwaka hadi mwaka matumizi ya umeme jadidifu katika majengo na huduma zake, kwa masharti yafuatayo:

(a) *Tupime kwanza.* Katika mwaka wa kwanza, matumizi ya umeme ya kila jengo, soko, stendi na barabara yaorodheshwe kwa uniti na kwa shilingi, na orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata.

(b) *Tununue tunachotumia.* Mkataba wowote usizidi matumizi yaliyopimwa. Ukuaji tunaoutarajia uwekewe nafasi ya kuongeza baadaye, usilipiwe leo.

(c) *Tuanze na mapaa yetu.* Zahanati, shule na ofisi zinazofanya kazi mchana ziwe za kwanza, kwa sababu umeme wa jua unaotumika papo hapo hauhitaji betri nyingi. Zahanati zinazotunza chanjo na kuzalisha akina mama usiku zipewe betri na zipewe kipaumbele.

(d) *Betri na fundi viwe kwenye bajeti.* Hakuna mradi wa jua utakaopitishwa bila kifungu cha matengenezo na cha kubadilisha betri kwa umri wote wa mradi.

(e) *Mkataba usomwe kabla ya kusainiwa.* Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ipewe ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaosema: tunanunua kiasi gani, kwa bei gani, kwa muda gani, tunalipa nini tusipotumia, na tunatokaje. Ukurasa huo uwe wazi kwa mwananchi.

(f) *Tuseme tunahesabu nini.* Taarifa ya kila mwaka itenganishe umeme wa mapaa yetu na umeme wa gridi."

Basi. Hakuna asilimia 100 humo, hakuna 2030. Najua haitapendeza kwenye fulana.

*8. Nimesikia mnayosema*

Tangu Jumapili nimepokea simu na sauti nyingi. Nijibu tatu.

Kijana wetu mmoja aliniambia: "Katibu, ilani bila namba haishindi uchaguzi." Ni hoja nzito na siidharau. Jibu langu ni kwamba namba tutakuwa nazo mwaka wa pili, baada ya kupima. Tutaweza kusema zahanati ngapi na kufikia lini. Namba ya kupima inadumu jukwaani. Namba ya kubuni inakufa siku mtu akiuliza.

Mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu kama baba, alisema: "Mwanangu, Georgetown ni Marekani. Wao wana soko la umeme, sisi hatuna. Inatuhusu nini?" Shikamoo mzee wangu, na ni kweli. Sisi hatuna soko la kuuza ziada kama la Texas. Lakini hilo linatuweka pabaya zaidi. Georgetown angalau iliuza ziada yake kwa hasara. Sisi tukinunua ziada tunaweza kukosa wa kumuuzia kabisa.

Dada yetu wa kamati aliandika kwenye kundi: "Tukingoja mikataba isiyo na hatari, watoto wetu watarithi moshi." Hili nimelifikiria usiku mzima. Dada, uko sahihi kwamba kungoja nako kuna gharama. Jenereta la zahanati linakula dizeli kila umeme ukikatika, na hiyo pia ni fedha na ni moshi. Ndiyo maana pendekezo langu linaanza mwaka wa kwanza, kwenye mapaa yetu. Sisemi tungoje. Nasema tusinunue kitanda kabla ya kupima chumba.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu Georgetown. Watu wengi wanaosimulia kisa kile huishia kusema: "Mnaona? Jua na upepo ni ulaghai." Hao nao hawakusoma mkataba. Mhasibu yule hakukosea kuamini jua. Alikosea kuamini makadirio, na mimi ninayesema haya niliwahi kuamini jumla iliyokaa sawa. Sote wawili tulihitaji mtu mmoja ukumbini wa kunyoosha mkono na kuuliza: "Na isipokuwa hivyo?"

Jumamosi nitanyoosha mimi. Mkinishinda kwa kura, nitaandika muhtasari kama mlivyoamua na nitaupeleka Kata nikiwa nimeusaini, kwa sababu hiyo ndiyo nidhamu ya chama. Ila safari hii nitaandika kwamba ulipingwa, na kwa hoja gani.

*Kikao:* Jumamosi saa 10 jioni, mahali petu pa kawaida.
*Agenda:* kipengele cha umeme kwenye maoni ya ilani.
*Mje na:* kadi ya uanachama, na kama unafanya kazi kwenye zahanati, shule au ofisi ya mtaa, tafadhali njoo na kiasi cha LUKU mnachonunua kwa mwezi. Tuanze kupima sisi wenyewe.

Wenye hoja ndefu waniandikie moja kwa moja kabla ya Ijumaa jioni, nitazisoma zote kikaoni, za kuniunga mkono na za kunipinga. Wajumbe wa mashina, tafadhali wasomeeni wazee wasio na simu za kisasa.

Wenu katika kazi,
*Katibu wa Tawi*